Maisha ya Baden-Powell na Shule ya Viongozi wa Vijana



Ni ada ya kijitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya kazi za mwaka, kuweka mbele yenu maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili tupate kupima kazi yetu kwa kazi yake. Safari hii tumemchagua mtu ambaye kaburi lake liko katika nchi yetu wenyewe. Liko Nyeri, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, upande wa kuelekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe lake pamechongwa duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia zinazotumiwa na Maskauti, duara hilo huwaambia wanaofuata nyuma kwamba aliyetangulia amekwenda zake nyumbani. Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti.

Hatukumchagua kwa sababu ya vita alivyopigana, wala kwa kuwa alikuwa mtu asiye na doa. Madoa alikuwa nayo, na mengine aliyapata katika bara letu hili, nasi hatutayafunika. Tumemchagua kwa jambo moja ambalo watu hawalitaji sana wanapomkumbuka. Alipokwisha kuona watoto wanamjia kwa maelfu, alitambua kwamba mwenye kuhitaji mafunzo kuliko wote ni mtu mzima atakayewaongoza. Jambo hilo latugusa sisi. Kila likizo ya shule wazazi hutuomba chama kiwachukue watoto wao kwenda kupiga kambi, kupanda milima na kujifunza mambo ya porini, na kila mara swali gumu ni moja: nani atakwenda nao?

UTOTO NA UJANA WAKE

Alizaliwa mjini London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa padre, tena profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mtoto huyu akiwa na umri wa miaka 3 tu, na mama yake, Henrietta Grace, akabaki na mzigo wa kuwalea watoto wengi peke yake. Wajane waliomo katika chama chetu hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo.

Alisoma katika shule ya Charterhouse. Mwaka 1872 shule hiyo ilihamishwa kutoka katikati ya London ikapelekwa Godalming, mashambani. Karibu na shule palikuwa na kijisitu ambacho wanafunzi walikatazwa kukiingia. Kijana Robert alikiingia. Huko alijifunza kutega sungura, kupika juu ya moto mdogo usiotoa moshi ili mwalimu asimwone, na kujificha mtini mtu akipita chini. Hakuna mtu mzima aliyemfundisha hayo. Alipokuwa mkubwa aliona kwamba saa zile za msituni zilimjenga kama vile saa za darasani, na tangu hapo hakuacha kujiuliza kama mtoto aweza kupewa msitu bila ya kuiba ruhusa, na bila ya kuachwa peke yake.

Chuo Kikuu cha Oxford hakikumpokea. Basi akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri sana, na mwaka 1876 akapelekwa Bara Hindi katika kikosi cha askari wapanda farasi.

ASKARI ALIYEPENDA KUFUNDISHA

Jeshini alionekana kuwa na kipawa cha kufundisha. Aliwaona askari wengi kuwa wamezoea kungoja amri hata katika jambo dogo. Akitoweka mkubwa wao hawajui la kufanya. Mwaka 1897, alipopewa kikosi cha kukiongoza huko Bara Hindi, aliwagawa wapelelezi wake katika vikundi vidogo, kila mtu akapewa kazi yake ya kujibu mwenyewe, na aliyefuzu akapewa alama ya kuvaa. Yale aliyoyafundisha aliyaandika katika kitabu kidogo cha askari kilichotoka mwaka 1899. Hakujua kwamba kitabu hicho kingesomwa na watoto.

Lakini hatuwezi kuyasimulia maisha yake ya jeshini bila ya kusema alikuwa wapi na akifanya nini. Alikuwa Zululand mwaka 1888, serikali ya Kiingereza ilipokuwa ikimwandama mfalme Dinizulu. Alikuwa katika msafara wa mwaka 1895 na 1896 uliomwondoa mfalme Prempeh katika kiti chake huko Asante. Mwaka 1896 alikuwa Matabeleland, watu wa nchi ile walipoinuka kupinga utawala wa wageni. Huko alimkamata mkubwa mmoja wa waasi aitwaye Uwini, akamweka mbele ya mahakama ya kijeshi, kisha akaidhinisha apigwe risasi. Wakubwa wa serikali walitaka maelezo, uchunguzi ukafanywa, na jeshi likamwondolea lawama. Wajukuu wa waliopigwa hawalazimiki kuikubali hukumu hiyo ya jeshi.

Tangu tarehe 13 Oktoba 1899 hata tarehe 17 Mei 1900, yaani siku 217, alizingirwa na Makaburu katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini. Mji haukutekwa, na huko Uingereza jina lake likapata sifa kubwa. Akapandishwa cheo kuwa jenerali akiwa na umri wa miaka 43. Lakini waliouzuia mji ule hawakuwa Wazungu peke yao. Barolong walikuwa na mji wao pale pale, na wengi wao walishika bunduki na kupeleka barua usiku katikati ya maadui. Chakula kilipopungua, Waafrika ndio walioonja njaa kali zaidi, na wengi walikufa. Mwenzetu Sol Plaatje, aliyekuwa mkalimani wa mahakama katika mji ule, aliandika kila siku mambo aliyoyaona. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1973, na kila asomaye habari za Mafeking hana budi kuyasoma pia.

Tumeyaweka hayo hapa kwa makusudi. Mtu aliyekuja kuufundisha ulimwengu jinsi ya kuwaongoza watoto kwa upole alikuwa amewatawala watu wazima kwa nguvu. Wema wake wa baadaye hauyafuti hayo, nayo hayaufuti wema huo. Mzee mwenye busara huchukua mbegu njema hata katika shamba lenye magugu, ila huziangalia kwanza mkononi kabla ya kuzipanda.

Katika Mafeking ile ile aliona jambo lililobaki moyoni mwake. Watoto wa kizungu wa mjini walikuwa wameundiwa kikosi cha kupeleka barua na kufanya kazi ndogo ndogo, ili watu wazima wapate kukaa katika ulinzi. Walipewa madaraka nao wakayabeba. Alitambua kwamba mtoto akiaminiwa hukua kwa haraka.

WATOTO WALIOMTANGULIA

Aliporudi Uingereza alikuta watoto wanakisoma kile kitabu cha askari, na walimu wanakitumia shuleni. Mwaka 1904 alialikwa Glasgow kuyatazama maonyesho ya Kikosi cha Wavulana kilichoanzishwa na William Smith, naye Smith akamshawishi aandike upya mafunzo yake kwa ajili ya vijana. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1907, akiwa na umri wa miaka 50, alifanya jaribio kwa siku chache katika kisiwa cha Brownsea. Aliwachukua watoto wapatao 20, wengine wa mabwana wakubwa na wengine wa wafanya kazi, akawachanganya katika vikundi vinne, kila kikundi na kiongozi wake miongoni mwa watoto wenyewe. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya tandala aliyoitoa Matabeleland.

Mwaka 1908 kitabu chake cha Maskauti kikatoka kwa sehemu sita. Nia yake ilikuwa kwamba vyama vya vijana vilivyokuwapo vikitumie; hakukusudia kuanzisha chama kingine. Lakini watoto hawakungoja. Walinunua vijitabu vile kwa senti zao, wakaunda vikundi wenyewe, wakashika fimbo na kofia, kisha wakaanza kuzunguka mitaani wakitafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwaka 1909 walikusanyika kwa maelfu katika jumba la Crystal Palace, London, na wasichana wakatokea nao, ingawa hawakualikwa. Mwaka uliofuata wasichana wakapata chama chao, wakisaidiwa na dada yake aitwaye Agnes. Hata mwaka 1910 Maskauti walipohesabiwa, walikuwa wamepita laki moja.

Hapo ndipo tatizo lilipoonekana. Nani aliwaongoza watoto hao wote? Walikuwako makarani, mapadre, walimu, mafundi na askari wastaafu, watu wenye moyo mwema waliojitolea jioni baada ya kazi zao bila ya mshahara. Lakini moyo mwema si ujuzi. Mwingine aliwafanya watoto kuwa askari, akawapigisha gwaride tangu asubuhi hata jioni. Mwingine aliwasomea kitabu kana kwamba wako darasani. Mwingine aliwafanyia watoto kila kitu, akapika yeye, akafunga hema yeye, na watoto wakarudi makwao kama walivyotoka. Tena wako waliowapeleka watoto mahali pa hatari pasipo kujua kuwa ni hatari.

Tarehe 4 Agosti 1912 kikosi kimoja cha watoto wa mtaa wa Walworth, London, kilikuwa kikisafiri kwa mashua kwenda kupiga kambi Leysdown, pwani ya Kent. Upepo wa ghafla ukaipindua mashua, na vijana 9 wakafa maji. Hatumlaumu mtu kwa dhoruba. Lakini tunaomba kila msomaji akae kidogo na hesabu hiyo, akiwafikiria wazazi waliofunga mizigo ya watoto wao kwa furaha. Wahenga wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoto wa mwenzio hawezi kuhesabiwa hivyo. Anayemchukua mtoto wa mtu porini au majini amechukua mzigo mzito kuliko yote.

Baden-Powell alikwisha kuanza kufanya mikutano ya kuwafunza viongozi kabla ya mwaka huo, lakini ilikuwa mihadhara tu, watu wameketi vitini. Kisha vita vya mwaka 1914 vikaja. Viongozi wengi wakaenda vitani, na wengi hawakurudi. Vikosi vingine vikabaki mikononi mwa wanawake, na vingine vikaongozwa na watoto wakubwa. Vita vilipokwisha mwaka 1918 chama kilikuwa na watoto tele na upungufu mkubwa wa watu wazima.

GILWELL

Katika mwezi wa Novemba wa mwaka huo alijitokeza Mskochi mmoja, William de Bois Maclaren, aliyekuwa na cheo katika Maskauti wa kwao. Huyu alipokuwa akifika London kwa shughuli zake alikuwa akiwaona watoto maskini wa mashariki ya mji wakijaribu kupiga kambi katika viwanja vya uchafu, akawaonea huruma. Akasema yuko tayari kuwanunulia mahali. Baden-Powell akakubali kwa shukrani, ila akaongeza ombi moja: mahali hapo pawe pia shule ya viongozi. Maclaren akatoa pauni 7,000 za kununua shamba, na baadaye pauni 3,000 za kulitengeneza.

Shamba lenyewe liliitwa Gilwell, kando ya msitu wa Epping karibu na London. Lilikuwa limeachwa miaka mingi. Nyumba yake ilikuwa imeharibika na bustani imekuwa kichaka. Kazi ya kwanza ya kulisafisha ilifanywa na Maskauti vijana waliofika wakati wa Pasaka, mwaka 1919. Mvua ilikuwa imelowesha ardhi hata mahema hayakuweza kusimamishwa, basi wakalala katika kibanda kibovu ambacho wenyewe walikiita banda la nguruwe. Kibanda hicho wamekihifadhi, nacho kingali kimesimama. Mahali pakafunguliwa rasmi tarehe 26 Julai 1919, na tarehe 8 Septemba mafunzo ya kwanza yakaanza chini ya Francis Gidney. Walioyahudhuria hawakufika 20. Baden-Powell, akiwa na umri wa miaka 62, alikuja kuzungumza nao, na ile pembe ya tandala iliyolia Brownsea ikalia tena.

Sasa tueleze walifanya nini, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Watu wazima wale hawakuwekwa madawatini. Walivuliwa vyeo vyao. Waligawanywa katika vikundi vidogo kama watoto, kila kikundi na kiongozi wake. Walilala katika mahema, wakachota maji, wakawasha moto kuni zikiwa mbichi, wakapika chakula chao na kukila jinsi kilivyotoka. Bwana mwenye makarani kumi chini yake huweza kujikuta akiamriwa kupasua kuni na kijana wa miaka 20, kwa kuwa zamu ya kuongoza ni ya yule kijana. Jioni huketi kuzunguka moto na kuulizana lililokwenda vizuri na lililokwenda vibaya.

Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu aliona kwamba mtu mzima amesahau utoto. Amesahau ubaridi wa usiku wa kwanza nje ya nyumba, na aibu ya kuunguza chakula cha wenzake, na furaha ya kuaminiwa kazi. Asipokumbushwa kwa mwili wake mwenyewe, atawaongoza watoto kwa kitabu. Tena alitaka kiongozi asiwe mwalimu wala afisa, bali awe kama kaka mkubwa: mtu anayekwenda mbele kidogo, anayejua njia, wala hapigi kelele.

Muda si mrefu mafunzo yalipangwa katika sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza mtu alisoma na kujibu maswali kwa maandishi. Katika ya pili alikwenda kambini kwa siku kadhaa. Katika ya tatu alirudi kwa kikosi chake, akafanya kazi kwa miezi huku akitazamwa, na hakuhesabiwa kuwa amefuzu mpaka kazi yake kwa watoto imeonekana. Sehemu hii ya tatu ndiyo tunayotaka wanachama waiangalie sana. Sisi hupenda kumpa mtu cheti siku ya mwisho ya semina, tukapiga picha, tukamaliza. Huko cheti kilimngoja mtu mpaka watoto wake wenyewe wamekuwa ushahidi.

Aliyefuzu alipewa shanga mbili za mbao katika uzi wa ngozi. Shanga za kwanza zilitolewa katika mkufu mrefu wa Kizulu aliokuja nao Baden-Powell kutoka vita vya 1888, mkufu unaosemwa kuwa wa mfalme Dinizulu. Jinsi alivyoupata husimuliwa kwa namna zaidi ya moja, na si zote zinazompa heshima. Kwa Wazulu shanga kama hizo zilikuwa alama ya ushujaa na heshima. Hivyo kila kiongozi anayezivaa leo, awe Mwingereza au Mjapani, amevaa kitu kilichoanzia katika heshima ya Waafrika, ajue asijue. Ni vizuri akajua.

KAZI ILIVYOENEA, NA MLANGO ULIOFUNGWA

Mwaka 1920 Maskauti wa nchi nyingi walikutana London, wakamtaja Baden-Powell kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Mwaka 1922 wasichana nao walipata mahali pao pa kufunzia viongozi, Foxlease, katika kusini ya Uingereza. Mkewe Olave, aliyemwoa mwaka 1912, alikuwa amekwisha kuibeba kazi ya wasichana kwa nguvu zake zote. Mwaka 1923 J. S. Wilson, aliyekuwa mkubwa wa polisi huko Calcutta, aliushika uongozi wa Gilwell, na mafunzo yale yakapandwa katika nchi nyingi.

Lakini si kila mahali mlango ulikuwa wazi. Katika Afrika ya Kusini chama cha Maskauti wa kizungu hakikutaka kuwapokea watoto wa Kiafrika, wakawekewa chama chao cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Mwaka 1936 Baden-Powell alifika huko, na mapatano yakafanywa ya kuviweka vyama chini ya shirikisho moja, lakini kila rangi ikabaki upande wake. Mtu aliyewafundisha watoto kwamba kila Skauti ni ndugu wa Skauti mwenziwe hakuushinda ukuta huo, wala hakuupiga kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ulidumu mpaka mwaka 1977. Kwetu Kenya Uskauti ulianza mwaka 1910 kwa watoto wa kizungu. Waafrika waliingia baadaye, hasa kwa njia ya shule, na walimu wa Kiafrika wakawa viongozi wake.

Mwaka 1929 mfalme wa Uingereza alimpa Baden-Powell cheo cha ulodi. Desturi yao ni kwamba mtu hulifuatanisha jina lake na jina la mahali. Angaliweza kuchagua Mafeking, jina lililompatia sifa. Alichagua Gilwell. Akaitwa Lodi Baden-Powell wa Gilwell, na kwa tendo hilo akatuonyesha mwenyewe ni kazi ipi aliyotaka kukumbukwa nayo.

NYERI

Alikuwa amefika Kenya mara ya kwanza mwaka 1906, akarudi mwaka 1935. Mwaka 1938, afya yake ikiwa imedhoofika, alihamia Nyeri pamoja na mkewe. Walijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, ambayo mwenyewe, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa zamani mwandishi wake. Wakaiita Paxtu, kwa kuikumbuka nyumba yao ya Uingereza iliyoitwa Pax Hill. Hapo alichora picha za wanyama, akaandika, na kuutazama mlima. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Mkewe alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuzikwa pamoja naye.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Chama cha Maskauti cha Kenya kilipokewa katika umoja wa Maskauti wa dunia. Katika kambi ya Rowallan, Nairobi, watu wazima wa Kenya wamefunzwa kwa njia ile ile ya Gilwell, na wengi wamezivaa zile shanga mbili. Kila mwezi wa Februari, siku ya kuzaliwa kwake inapokaribia, Maskauti huenda Nyeri kulizuru kaburi.

YATUPASAYO SISI

Wazee wetu, habari hii si ngeni kwenu kama inavyoonekana. Kabla ya kitabu chochote cha Maskauti, watu wetu walikuwa wakiwapeleka vijana porini kufunzwa utu uzima. Pwani palikuwa na kungwi na somo. Kwa Wakikuyu kijana alikuwa na mlezi wake wa kumsimamia. Na makabila mengine kadhalika. Hakuna aliyepewa kazi hiyo kwa sababu alikuwa na nafasi Jumamosi. Ilikuwa lazima awe ameipita njia ile mwenyewe, tena awe anaaminiwa na wazazi. Alichokipanga Baden-Powell huko Gilwell wazee wetu walikuwa nacho. Sisi ndio tuliokiacha, tukadhani kwamba kila mwenye umri mkubwa anafaa kuwaongoza watoto.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo manne, tukiomba yazungumzwe katika mkutano mkuu.

Kwanza, asiwepo mtu wa kuwachukua watoto nje usiku kabla ya yeye mwenyewe kulala nje pamoja na viongozi wenzake, akapika, akaloa mvua, na kuulizwa maswali jioni mbele ya moto.

Pili, tumjue kabla ya kumpa mtoto. Tuulize kwa majirani, kazini kwake na kanisani au msikitini kwake. Wala asiwe mtu mmoja peke yake na watoto. Wawe wawili au zaidi daima. Hapa hatuna budi kusema wazi kwamba karne iliyopita na hii zimeonyesha, katika nchi nyingi, kwamba wako watu waliojitolea kwa vyama vya vijana ili wapate kuwadhuru watoto, na vyama vikanyamaza kulinda jina. Jina la chama chetu lisiwe na thamani kuliko mtoto mmoja.

Tatu, mtu anayejitolea bila ya malipo asichukuliwe kuwa mtu wa kuachwa bila ya kuangaliwa. Kumfunza na kumtazama ni kumheshimu. Chama kinachompa mtu kazi nzito bila ya kumwonyesha njia kimemtupa yeye pamoja na watoto.

Nne, mlango wetu usiwe na rangi, wala kabila, wala dini, wala ada isiyoweza kulipwa na mjane. Kosa lililodumu Afrika ya Kusini hata mwaka 1977 lisipate mahali pa kuota hapa.

Tunajua kwamba jambo la kwanza ndilo litakalowaumiza baadhi yetu. Si rahisi kwa mtu mwenye mvi kuvua koti na kwenda kuchota maji kwa amri ya kijana. Lakini jenerali wa miaka 62, aliyezoea kupigiwa saluti, aliwataka watu wa rika lake wafanye hivyo, na viongozi waliopita huko waliwarudia watoto wao wakiwa watu wengine. Asiyekubali kufunzwa hawezi kufunza.

Siku mtakapopita Nyeri, ingieni katika makaburi yale. Tazameni duara lile lenye nukta. Mwenye alama ile amekwisha kufika kwao, na hesabu yake iko kwa Mungu, ya Matabeleland na ya Gilwell pamoja. Sisi tungali njiani, na nyuma yetu wako watoto wanaotazama nyayo zetu ili wajue pa kukanyaga.